Somo la Saba: Upepo na Wenye Upepo

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya maji ya mito na mabwawa, jinsi yanavyotupatia nguvu za umeme. Leo tutazungumza juu ya nguvu nyingine, ambayo watu wa wilaya za Mbulu na Hanang hawana haja ya kuambiwa kwamba ipo, maana ndiyo inayoezua mapaa yao na kupeperusha udongo wa mashamba yao wakati wa kiangazi. Nguvu hiyo ni upepo.

Swali letu ni hili: Je, upepo huu waweza kuwa mali ya watu wa hapa, na kuwa mfano kwa wilaya nyingine? Ili tulijibu vizuri yatubidi kwanza tutazame nyuma, tujue wenzetu walianzaje, wapi walifaulu na wapi walikwama. Kwa hiyo somo la leo ni somo la historia. Kiongozi wa kikundi na awe na kalamu na karatasi, maana maswali yako mwishoni.

Upepo wetu

Tuanze na nchi yenyewe. Mbulu ni nchi iliyoinuka. Upande wa mashariki ukuta wa Bonde la Ufa unashuka kwa ghafula mpaka Ziwa Manyara na nchi ya Babati. Upande wa kusini Mlima Hanang umesimama peke yake, kimo chake zaidi ya mita 3,400, na chini yake ni tambarare za Basotu na mji wa Katesh. Hewa inayotoka mashariki ikifika ukutani haina njia ila kupanda juu, na inapovuka ukingo hukaza mwendo, kama maji ya mto yanavyokaza mwendo mahali penye mbano. Wazee wa Kiiraqw walikuwa wakijenga nyumba za chini, nyingine zimechimbwa ubavuni mwa kilima. Nyumba hizo ziliwaficha machoni pa maadui, na upepo nao ukapita juu ya paa.

Lakini kusema "upepo ni mwingi" hakutoshi. Upepo hupimwa. Mwendo wake huhesabiwa kwa mita katika sekunde moja, na hapa pana hesabu moja ambayo kila mmoja wenu aikumbuke. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, bali mara nane: mbili mara mbili mara mbili. Upepo wa mita 8 una nguvu mara nane kuliko upepo wa mita 4. Kwa hiyo kilima kimoja chaweza kufaa kabisa, na kilima cha pili, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kisifae kitu. Mtu asiyepima anacheza kamari.

Jirani zetu wa Singida, ambao mkoa wao unapakana na Hanang, upepo wao ulipimwa miaka mingi iliyopita. Mahali paitwapo Kititimo wastani ulionekana kuwa mita 9.9 kwa sekunde, kwa kimo cha mita 30 kutoka chini. Makambako, kusini mwa nchi yetu, ulikuwa mita 8.9. Huo ni upepo mzuri kabisa, na tangu hapo Singida imetajwa mara nyingi katika mipango ya umeme. Lakini kupima ni jambo moja, na kusimamisha mitambo ni jambo jingine.

Kazi za kale za upepo

Watu wa pwani yetu walikuwa mabingwa wa upepo kabla ya kuwako umeme. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa upepo wa kusi. Miji ya Kilwa, Mombasa na Zanzibar ilitajirika kwa biashara hiyo. Manahodha hawakuumba upepo. Walijifunza kalenda yake, wakapanga safari zao wakiifuata.

Katika nchi kavu, watu wa Sistan, huko Uajemi, walikuwa na vinu vya upepo vya kusaga nafaka zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waholanzi walitumia vinu vya upepo kuvuta maji katika mashamba yao ambayo yako chini kuliko bahari. Mwaka 1854 huko Marekani, Daniel Halladay alitengeneza kinu cha kuvuta maji ambacho kiligeuka chenyewe kuelekea upepo, na vinu vya namna hiyo vikanywesha ng'ombe wa nyanda kavu za Marekani. Vilifika hata Afrika Mashariki. Nchini Kenya, tangu mwisho wa miaka ya 1970, mafundi wa Thika walitengeneza wenyewe kinu cha kuvuta maji kiitwacho Kijito, ili nchi isingojee vyuma kutoka ng'ambo.

Mfugaji wa Hanang anayepeleka ng'ombe mbali kutafuta maji na aifikirie habari hiyo. Kazi ya kwanza ya upepo si lazima iwe taa. Yaweza kuwa ndoo ya maji.

Upepo kuwa umeme

Kila mwenye baiskeli anajua dainamo. Gurudumu linazungusha kichwa cha dainamo, na taa inawaka. Mtambo wa upepo ni dainamo kubwa. Badala ya mguu wa mwendesha baiskeli, mapanga yanazungushwa na upepo.

Mtu wa kwanza tunayemjua kufanya hivyo kwa nyumba yake ni James Blyth, mwalimu wa chuo cha Glasgow, huko Scotland. Mwezi wa Julai 1887 alisimamisha kinu katika kijiji cha Marykirk, akawasha taa za nyumba yake. Umeme ukawa mwingi kuliko haja yake, naye akawaambia wanakijiji kwamba atawapa wauwashie njia kuu ya kijiji. Wakakataa. Walisema mwanga ule ni kazi ya shetani.

Msiwacheke watu wa Marykirk. Waliletewa kitu ambacho hawakukijua, hawakukifanya, wala hawakufundishwa. Baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Montrose ilikubali mtambo kama ule, nao ukafanya kazi miaka mingi.

Sasa tuvuke bahari twende Denmark, maana huko ndiko kwenye somo letu kubwa. Denmark ni nchi ndogo ya wakulima na wafugaji. Katika karne ya kumi na tisa askofu mmoja, N. F. S. Grundtvig, alifundisha kwamba hata mkulima mtu mzima anastahili shule, tena shule isiyo na mitihani, ya kumfungua macho. Vyuo vya watu wazima vikaanzishwa vijijini. Katika chuo kimoja, mahali paitwapo Askov, alikuwako mwalimu wa sayansi jina lake Poul la Cour.

Mwaka 1891 la Cour, kwa msaada wa fedha za serikali, alijenga kinu cha upepo cha kufanya umeme pale chuoni. Aliona ya kuwa miji mikubwa inapata umeme na vijiji vinaachwa gizani, na kwamba vijana watavikimbia vijiji hivyo. Nafikiri mnalitambua jambo hilo. Aliona pia shida ya pili: upepo hauvumi kila saa. Kwa hiyo alitumia umeme kutenganisha maji kuwa hewa mbili, akaiweka hewa moja akiba katika pipa kubwa, na usiku usio na upepo taa za chuo ziliwaka kwa hewa hiyo.

Lakini kazi yake iliyodumu ni kufundisha. Mwaka 1903 alisaidia kuanzisha chama cha umeme wa upepo, na vijana wa vijijini walikuja Askov kujifunza ufundi wa umeme, kisha wakarudi makwao kuweka mitambo na kuitunza. La Cour alikufa mwaka 1908. Ilipofika mwaka 1918, vituo vya umeme vipatavyo 120 katika Denmark vilikuwa na mtambo wa upepo, mingi yenye nguvu ya kilowati 20 hadi 35. Hiyo si mitambo mikubwa. Ni mitambo ya kijiji.

Kuanguka na kuinuka tena

Baadaye mafuta ya dizeli yakawa rahisi, na watu wakaiacha mitambo ya upepo. Mtu mmoja hakuiacha. Johannes Juul, ambaye ujanani alikuwa mwanafunzi wa la Cour, alijenga mtambo wa kilowati 200 huko Gedser. Ulianza kazi mwaka 1957, mapanga yake matatu yakazunguka mpaka mwaka 1967. Wakubwa wa umeme walisema ni ghali kuliko dizeli, nao ukasimamishwa.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani kote. Wazee wa Tanzania wanakumbuka jinsi nchi yetu nayo ilivyoumia. Waddenmark walikuwa wakinunua karibu mafuta yao yote kutoka nje. Hapo ndipo maseremala, wahunzi na walimu wa vijijini walipoanza tena kujenga mitambo, wakifuata mfano wa Juul wa mapanga matatu. Majirani walichangiana fedha, wakanunua mtambo mmoja kwa ushirika, wakagawana faida. Mwaka 2000 mitambo 20 ilisimamishwa baharini mbele ya mji wa Copenhagen, na nusu yake ilikuwa mali ya ushirika wa watu zaidi ya 8,000. Sheria ya mwaka 2008 iliwataka wenye mitambo mipya wawauzie wakaaji wa karibu angalau hisa 20 katika kila mia, na sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Katika miaka ya karibuni upepo umeipa Denmark nusu au zaidi ya umeme wake.

Kwa nini walifaulu? Upepo unavuma nchi nyingi. Lakini kule alikuwako fundi katika kijiji, chama cha kuweka fedha pamoja, na fungu la faida kwa yule aliyeuona mtambo kila akifungua dirisha.

Habari za Afrika

Kusini mwetu, nchini Malawi, kijana William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Alisoma vitabu katika maktaba ndogo ya Wimbe, akajenga kinu kwa miti, fremu ya baiskeli na dainamo, akawasha taa nyumbani kwao. Tazameni: hakuwa na injinia, lakini alikuwa na kitabu.

Kenya walianza mwaka 1993 kwa mitambo miwili midogo katika vilima vya Ngong, msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 mipya ikawekwa, na baadaye ikaongezwa mpaka kufikia megawati 25.5. Kisha ikaja kazi kubwa zaidi, karibu na Ziwa Turkana katika jimbo la Marsabit: mitambo 365, jumla megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini nyaya za kupeleka umeme, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari. Ikasimama zaidi ya mwaka mzima katika upepo mkali bila kufaa kitu, na serikali ikalazimika kulipa fidia. Iliunganishwa Septemba 2018. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi huko Meru ikatoa hukumu ya kuwa hati za ardhi ile, yapata ekari 150,000, hazikupatikana kwa njia ya halali. Wafugaji wa pale ndio waliokwenda kushtaki.

Sisi Tanzania mfano wetu ni mdogo, lakini una mafundisho. Huko Mufindi, mkoani Iringa, kampuni moja ilijenga kituo cha maji cha megawati 4 katika mto Mwenga, kikaanza kazi mwaka 2012 na kuvipelekea umeme vijiji vya karibu. Tatizo likawa kiangazi: mto ukipungua, umeme unapungua. Mwaka 2020 wakaongeza mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, kwa kuwa kule upepo huvuma vizuri wakati maji yamepungua. Maji na upepo wanapokezana zamu kama ndugu wawili wanaolinda shamba moja.

Jambo hilo ni kubwa kwa taifa zima. Mwaka 2006 mvua zilikosekana, bwawa la Mtera likapungua, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Mgawo ulirudi tena mwishoni mwa mwaka 2023. Sasa tunalo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye megawati 2,115, ambalo mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Twashukuru. Hata hivyo, mkulima mwenye busara hapandi mahindi peke yake. Hupanda na mtama.

Ngano ya Hanang

Sasa narudi nyumbani, na naomba msikilize kwa makini, maana mafundisho makubwa kuliko yote hayako Denmark wala Turkana. Yako Basotu.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali iliamua kulima ngano katika tambarare za Hanang, kwa njia ya shirika la NAFCO. Canada ikasaidia kwa mashine na wataalamu. Nia ilikuwa njema: taifa changa lilitaka mkate wake lenyewe. Mashamba makubwa saba yakalimwa, jumla yapata ekari 100,000. Ngano ikavunwa, tena nyingi.

Lakini tambarare ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tena malisho bora, na ndani yake mlikuwa na njia za ng'ombe, visima na makaburi ya wazee wao. Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, ikisema kijiji hakikuthibitisha kuwa ardhi ni yake. Msaada wa Canada ulikwisha katika miaka ya 1990. Shirika lenyewe leo halipo. Manung'uniko juu ya ardhi yalibaki hata baada ya trekta kuondoka.

Mtauliza, ngano na upepo vinahusianaje? Vinahusiana hivi. Kila mara mtambo mkubwa unapokuja, husemwa ya kuwa nchi ni tupu na faida ni ya wote. Hutokea kwamba nchi si tupu. Mtambo wa upepo una nafuu moja juu ya ngano: unakalia mahali padogo, na ng'ombe waweza kulisha mpaka mguuni pake. Mfugaji na mtambo waweza kukaa pamoja, ikiwa mapatano yamefanywa mapema na kuandikwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatupa silaha ambayo watu wa Mulbadaw hawakuwa nayo. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, waziri ndiye huamua, baada ya kupokea maoni ya mkutano huo. Kwa hiyo mwanakijiji asiyehudhuria mkutano amekwisha kupiga kura, nayo si kwa faida yake.

Tufanye nini sisi

Kwanza, tupime. Mlingoti wenye kipima upepo ukae mwaka mzima, tena zaidi, ili tujue miezi yote, na vipimo vibandikwe katika ofisi ya kijiji ambapo kila mtu aweza kuvisoma.

Pili, tufundishe. Mwaka 1975 serikali yetu ilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, na mfano wake ulitoka katika vyuo vya Skandinavia, ndugu zake Askov. Kimoja kipo Tango, wilayani Mbulu. Kijana anayejua kufunga nyaya na kubadilisha beringi ana thamani kuliko mtambo mpya usio na fundi. Mtambo ukiharibika na fundi yuko Ulaya, ule si mtambo tena, ni mnara wa kutua ndege.

Tatu, tuanze na kazi inayoonekana: maji ya mifugo, friji ya dawa katika zahanati, taa za shule, mashine ya kusaga. Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi, lakini si kila kitongoji. Wala tusidanganyane: upepo hautaondoa kuni jikoni mara moja.

Nne, tuwe na fungu. Sheria zetu zinaruhusu mzalishaji mdogo, asiyezidi megawati 10, kuliuzia umeme shirika la TANESCO. Ushirika wa akiba na mikopo ukiwa na hisa katika mtambo, mwanachama atakuwa mlinzi wake.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Watu wa Marykirk walikataa umeme wa bure. Je, katika kijiji chenu kuna kitu kizuri kilichokataliwa? Nani alipaswa kukieleza, na kwa namna gani?
2. Taja mahali patatu katika kata yenu penye upepo mwingi kiangazi chote. Nani hutumia mahali hapo sasa, na kwa kazi gani?
3. Kampuni ikija kesho kuomba kilima chenu, mtaiuliza maswali gani matano kabla ya mkutano mkuu kupiga kura? Yaandikeni.
4. Wazee waliokuwako wakati wa mashamba ya ngano waombwe kuwasimulia vijana. Katibu wa kikundi aandike masimulizi hayo, ayatunze.

Majibu ya swali la tatu tuleteeni, nasi tutayasoma katika somo la nane, ambalo litahusu jua na namna ya kutunza betri.